Tegid Misumari Anatafuta Neno

Mjomba wangu Tegid Rowlands alichekesha Uingereza nzima kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote hakuna mtazamaji aliyemwona akicheka. Sisi wa Bethesda, mji mdogo wa machimbo katika milima ya Wawelisi, hatukuona ajabu. Uso ule ni wa ukoo. Babu yangu alikuwa nao machimboni akipasua mawe ya kuezekea, alikuwa nao kanisani alipokuwa mzee wa kanisa, na siku ya kuzikwa kwake, mama yangu Beti anasema, hakuonekana amebadilika sana.

Kwetu majina ni machache kuliko watu, kwa hiyo kila mtu huongezewa la kazi yake. Mjomba alianza kazi katika duka la vifaa pale Barabara Kuu, akipima misumari na kukata waya, akawa Tegid Misumari. Hata alipokuwa akionekana kila wiki kwenye televisheni, nyumbani alibaki hivyo hivyo.

"Ulimwona Misumari jana?"

"Nilimwona. Amekonda."

"Ni ile kofia ya polisi. Imemzidi kichwa."

Basi, sifa za nyumbani zilikuwa hizo.

Lakini nianze kabla ya kofia. Mwishoni mwa miaka ya sitini, majira ya baridi yakiingia, vijiji vyote vya machimbo vilikuwa na jioni za burudani katika ukumbi mdogo ulio nyuma ya kanisa. Watu waliimba, mmoja akapiga kinubi, mwingine akaghani shairi alilolitunga akiwa kazini, kisha chai na mkate wa zabibu kavu. Katikati ya hayo walipanda jukwaani Tegid na Menna Puw. Menna alikuwa binti wa Wil Maziwa, akisomea ualimu mjini Bangor. Mfupi, mwepesi, maneno yakimtoka kama njugu kwenye kikaango. Tegid alisimama kando yake kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Yote yalikuwa kwa Kiwelisi, lugha yetu, maana kule juu hatukuwa na nyingine ya kuchekea.

Katika mchezo wao uliopendwa kuliko yote, Menna alikuwa mhudumu wa ofisi ya vitu vilivyopotea kwenye stendi ya basi, naye Tegid alikuwa mzee wa kanisa.

"Umepoteza nini, bwana?"

"Imani."

"Mara ya mwisho ulikuwa nayo wapi?"

"Kwenye basi la Bangor. Ghorofa ya juu."

Menna alijifanya anaingia nyuma ya pazia, akapekua huko, vitu vikaanguka, akarudi akijipangusa vumbi. "Tunazo tatu. Mbili ni za Kibaptisti."

"Na ya tatu?"

"Haina mpini."

Tegid alifikiri kwa muda mrefu. "Nitaichukua," akasema. "Mpini ninao nyumbani."

Wazee wa kanisa wenyewe ndio waliocheka zaidi. Mama anasimulia habari za mpasua mawe mmoja aliyekuwa na vumbi la mawe kifuani, jioni moja akainua mkono kuwaomba wasimame apate kuvuta pumzi. Wakasimama. Ukumbi mzima ukamngoja. Alipotulia, Tegid akamtazama, akamuuliza, "Tayari?" Yule maskini akaanza upya, ikabidi wamtoe nje kwenye baridi.

Walikuwa wachumba, ingawa neno lenyewe halikuwa limetamkwa. Walirudi nyumbani ndani ya gari la Wil Maziwa, wamekaa juu ya makreti matupu, mama yangu akiwa bado msichana amebanwa katikati yao, nao njia nzima wakirekebisha mchezo.

"Ulijibu mapema mno pale," Menna alisema. "Ungeningoja nifike mlangoni."

"Ulikuwa umefika."

"Nilikuwa nimeshika kitasa. Kushika kitasa ni kufika?"

"Kwa mtu mwenye miguu mifupi kama yako, naona ni sawasawa."

Alikuwa akimwambia hayo bila kugeuza uso, naye Menna akimpiga begani kwa daftari za chuo. Mama anasema hajawahi kukaa tena mahali penye furaha kama kwenye makreti yale, na amekaa mahali pengi.

Kiangazi kimoja mwenye klabu ya Rhyl, mji wa pwani ambako watu wa Liverpool na Manchester huja likizo kulowa mvua, alisikia habari zao, akawaomba wajaribu kwa Kiingereza. Wakaenda. Tegid alikijua Kiingereza kama unavyoijua nyumba ya jirani: unajua mlango ulipo, lakini hujui vijiko vinawekwa wapi. Menna alikijua vizuri kuliko yeye. Alipata alama za juu. Na jioni ile, mbele ya watu waliovaa kofia za karatasi na kushika glasi za bia, alisema maneno yake yote barabara, moja baada ya jingine, na hakuna aliyecheka.

Ila walimcheka Tegid. Alipoulizwa amepoteza nini alisimama, macho mbele, midomo imefunga, akitafuta neno la Kiingereza. Akalikosa. Akaendelea kutafuta. Watu wakaanza kukohoa kicheko mmoja mmoja, kisha meza nzima, kisha klabu. Alipolipata hatimaye, hawakulisikia kwa kelele.

Kwenye basi la kurudi Menna alikaa dirishani.

"Wewe ulikuwa sawa," Tegid alisema. "Wale walikuwa wamelewa."

"Walikuwa wamelewa kwako vilevile." Akageuka kutoka dirishani. "Kwa Kiingereza mimi sichekeshi, Tegid. Kwa Kiingereza mimi ni mtu mwenye adabu tu."

"Utazoea."

"Sitaki kuzoea. Nenda wewe. Nataka uende, sisemi kwa hasira."

Akaenda peke yake Rhyl, kiangazi kile na kilichofuata, na huko ndiko alikomkuta Lomax, wakala kutoka London, mtu mnene mwenye koti la ngozi. Lomax alimnunulia samaki na chipsi, akamuuliza, "Ule ukimya wako, umejifunza wapi?"

"Sikujifunza. Nilikuwa natafuta neno la mwavuli."

Lomax akacheka mpaka akaegemea meza. Alidhani ni utani mwingine. Mjomba aliniambia hapo ndipo alipojua kwamba atakuwa tajiri, na kwamba hakuna atakayemjua.

Menna alimsindikiza stesheni ya Bangor. Wote wawili walikuwa na miaka ishirini na minne. Walikubaliana angerudi Pasaka, waone. Pasaka alirudi. Alirudi na kiangazi pia, siku chache, suti mpya, na wakacheza mchezo mmoja kijiji jirani cha Tregarth, na Menna akamwambia gari likiwa njiani kwamba siku hizi jukwaani Tegid anangoja mahali pasipostahili kungojwa. Mwaka uliofuata Tegid alikuwa na kazi kila Jumamosi katika klabu za kaskazini mwa Uingereza, na baadaye zile za London. Barua zikaja, zikawa kadi, kadi zikawa za Krismasi.

Mama ndiye aliyempigia simu.

"Menna anaolewa."

"Na nani?"

"Ifan Misitu. Yule mrefu, wa idara ya misitu."

"Ni mtu mzuri."

"Ni mtu mzuri," mama akasema. Wote wawili wakabaki na simu sikioni mpaka pesa za kibanda cha simu zikaisha.

Televisheni ikamchukua mwaka huohuo. Kulikuwa na tamthilia ya vichekesho iliyoitwa Zamu ya Asubuhi, habari za kituo kidogo cha polisi huko kusini mwa Uingereza, na Mjomba alikuwa sajenti wa mapokezi. Mambo yakiharibika, mbuzi wa meya wakiingia mahabusu, mwizi akitoka na ufunguo, mkubwa wake alimkaripia, naye alisimama na uso ule, akanyamaza mpaka watu wakashika mbavu, kisha akasema, "Mimi sikuambiwa." Miaka tisa. Kila wiki mara moja, kamwe si mara mbili. Wenye teksi walimrudishia maneno hayo, wauza magazeti, hata padri mmoja kwenye lifti. Watoto shuleni kwangu Bangor waliniambia mimi hayo hayo, kwa kuwa walijua ni mjomba wangu.

Wataalamu wa magazeti waliandika juu ya ukimya wake. Mmoja alisema hakuna mtu Uingereza anayenyamaza vizuri kama yeye. Lakini kufikia wakati huo alikuwa hakitafuti tena Kiingereza. Kilikuwa kimemjaa mdomoni. Alikuwa akiiga tu jinsi alivyokuwa akitafuta zamani. "Ni kama mtu aliyepona mguu," aliniambia, "halafu analipwa aendelee kuchechemea."

Nilipokwenda kusoma London nilikaa kwake miezi michache. Aliishi na mwanamke aliyeitwa Rosalind, mshonaji wa mavazi ya studio, mpole, mwenye pini mdomoni nusu ya siku. Asubuhi moja Mjomba akiwa studio, Rosalind aliniuliza tukiosha vyombo, "Einir, nikuulize kitu cha lugha yenu. Anapolala huongea. Huongea sana, na anacheka. Mchana sijawahi kumsikia akicheka, hata nyumbani. Usiku anacheka kabisa kabisa, na mtu anayemjibu. Anasema nini?"

"Unakumbuka neno lolote?"

Akajaribu. Akasema neno moja akililegeza kama mtu anayeonja dawa. Lilikuwa neno letu la mpini.

Nilimwambia ni kitu cha kushikia jagi au mwavuli. Akatikisa kichwa, akaendelea kusugua sufuria. "Nimeishi na mtu mcheshi miaka sita," akasema, "na vichekesho vyake siambiwi." Hawakugombana. Mwaka uliofuata alihamia Brighton kwa dada yake, na mpaka leo hunitumia kadi.

Bibi yangu alipofariki Mjomba alikuja na treni ya usiku, akafika amevaa koti jeusi zuri kuliko yote yaliyowahi kuonekana Bethesda. Tuliimba kaburini kwa sauti nne, mvua ikinyesha. Menna alikuwepo na Ifan na mtoto wao Gwion. Alimpa Mjomba mkono, akamwambia, "Alikuwa akituletea chai yenye sukari nyingi." Mjomba akasema, "Alidhani sisi ni wembamba." Nikaona midomo ya Menna inataka kuendelea, na ya Mjomba inangoja. Hapo akatokea mtu nisiyemfahamu, mgeni wa kutoka Chester aliyefuatana na jamaa fulani, akamshika Mjomba kiwiko, akamwomba kwa Kiingereza, kwa heshima zote, amsemee lile neno la sajenti, mara moja tu, mke wake angefurahi sana. Mjomba akamtazama. Kaburi lilikuwa bado wazi. Akalisema. Yule bwana akacheka, akashukuru. Nilipogeuka, Menna alikuwa amekwenda kwenye gari.

Tamthilia ilipokwisha alirudi jukwaani peke yake, kumbi za miji ya katikati ya Uingereza, viti vya mahameli, watu wa rika lake. Alizeeka vizuri, uso ule haukuwa na pa kuzeekea. Lakini kila akinipigia simu aliuliza mambo madogo: duka la vifaa sasa ni la nani, nani anaimba sauti ya chini kanisani, theluji imefika wapi mlimani. Kiwelisi chake cha simu kilikuwa cha mwaka alioondoka, na mashimo yake aliyaziba kwa Kiingereza bila kujua. Nilikuwa simsahihishi.

Alikuwa na umri wa miaka sitini na moja paa la ukumbi wa mji lilipovuja, nami wakati huo nimerudi kuishi kwetu, nasi wa kamati ya ukumbi tukatafuta mtu wa kujaza viti ili tupate pesa za kulitengeneza. Nikamuuliza.

"Kwa lugha gani?" akauliza.

"Kwa yetu, Mjomba."

Nikamsikia anazima redio. "Nitakuja," akasema. "Usinilipe."

Alikaa kwangu wiki nzima akijiandaa. Alitembea jikoni, akizungumza na jiko na jokofu, akiniuliza maneno nami nikikata karoti. Kufika Jumatano nilikuwa nimeanza kuogopa. Ijumaa ukumbi ulijaa mpaka milangoni. Watu walikuja hata kutoka mji wa Caernarfon.

Alianza vizuri. Salamu zake zilikuwa za kwetu, polepole, na watu wakatabasamu kwa kumtambua. Kisha akaanza kisa cha bibi yangu, jinsi alivyomfukuza wakala wa bima kutoka jikoni mpaka barabarani akimtishia kwa... Akanyamaza.

London, wangekuwa wameshacheka. Ukumbi ule haukucheka. Kule walidhani ni ufundi. Sisi tulimjua tangu anapima misumari, na tuliona wazi kwamba mtu wetu amepotelewa na neno. Watu mia tatu walikaa wakimwonea uchungu. Wengine walitazama magoti yao. Mjomba alisimama, macho mbele, na kwa mara ya kwanza maishani niliona kitu kikipita kwenye uso ule.

Mstari wa pili alikuwepo Bi Gwladys, aliyemfundisha shule ya Jumapili, mkongwe sasa. Akasema kwa upole, kama unavyomsaidia mtoto aliyesahau aya, "Upawa, mwanangu."

"Upawa," Mjomba akasema. "Ahsante."

Akaendelea. Alikosa maneno mengine, akatia ya Kiingereza, akajisikia anatia, akaharakisha. Mwisho tulimpigia makofi marefu sana, yale makofi unayompigia mtu aliyetoka hospitali. Kijana mmoja kutoka nyuma akaomba la sajenti. Akalisema, kwa Kiingereza, na hapo tu ndipo ukumbi ulipocheka kwa moyo wote. Menna hakuwepo.

Asubuhi akaniambia nimpeleke kwake. Ifan ndiye aliyefungua mlango, mrefu bado, mikono imeanza kumtetemeka. Alitukaribisha, akaweka birika motoni, akasema anakwenda kutazama kuku. Kuku walikuwa wanaonekana dirishani, hawana neno, lakini alikaa nao muda wote tuliokuwa pale.

Menna alikata mkate wa zabibu akatupa siagi.

"Hukuja," Mjomba akasema.

"Sikuja."

"Ulikuwa na shughuli."

"Nilikuwa hapa hapa, nimevaa koti. Ifan akaniuliza kama natoka au naingia."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia asinisumbue." Akaketi. "Ningekuja, Tegid, ningekaa pale, nawe ungenyamaza mahali, nami ningekujibu. Najijua. Ningekujibu kutoka kitini. Na mimi nina mume, na mji huu una macho."

Mjomba alizungusha kikombe chake. "Bi Gwladys alinitajia neno."

"Nimesikia. Upawa."

"Habari zimefika upesi."

"Zilifika kabla hujashuka jukwaani."

Hapo Menna alifungua mdomo kama anayetaka kuuliza swali, akaufunga, akakata kipande kingine cha mkate ambacho hakuna aliyekiomba. Nje Ifan alikuwa anazungumza na kuku.

"Nilidhani Kiwelisi kiko tu," Mjomba akasema. Alikuwa anaongea na meza. "Miaka yote ile. Nilidhani nimekiacha hapa kama unavyoacha baiskeli kwa mama yako, siku ukirudi utaikuta."

"Mama yako angeiuza."

"Angeiuza," akakubali.

Menna akamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kila Jumanne asubuhi ana darasa maktaba. Alikuwa amestaafu ualimu mkuu, akawa anafundisha Kiwelisi watu wazima waliohamia kwetu, wengi kutoka Stockport na Manchester, waliouza nyumba zao wakaja kutazama milima. "Wanahitaji mtu wa kuzungumza naye. Watu wa hapa wana haraka. Mgeni akikwama tu wanageukia Kiingereza. Nataka mtu asiyeweza kuharakishwa."

"Mimi si mwalimu."

"Sikusema ufundishe. Nimesema ukae."

Mjomba akakodi nyumba ndogo Rachub, juu ya mji, mlango wa bluu. Lomax alikuwa ameshafariki. Hapakuwa na wa kumkataza. Kila Jumanne alikaa kwenye kiti cha plastiki maktaba, na wale watu wa Stockport wakaja mbele yake mmoja mmoja na sentensi zao. Mtu alisema, "Jana mimi nili..." kisha akakwama, akawa mwekundu. Mjomba hakumsaidia, hakutabasamu, hakutazama saa. Alingoja na uso ule usiodai kitu. Angengoja mpaka maktaba ifungwe. Na neno likaja, kwa kuwa halikukimbizwa. Menna aliniambia hajapata kuona watu wakijifunza namna ile. Na Kiwelisi chake mwenyewe kikarudi pamoja na chao, neno kwa neno, mengine akiyapata kwa wanafunzi.

Watu walimwomba apande tena jukwaani. Hakutaka. Kazi moja tu alikubali: kampuni ya filamu ilikuja kisiwa cha Anglesey kurekodi tamthilia ya upelelezi, akaigiza maiti. Alirudi amechoka. Alisema mwongozaji alimwomba mara mbili apunguze uigizaji kidogo.

Ifan alifariki baada ya miaka michache. Mjomba alibeba jeneza upande wa kushoto, mbele. Baada ya hapo mji ulingoja. Wao wawili walitoka maktaba pamoja, wakapanda Barabara Kuu, Mjomba amebeba mfuko wa vitabu, wakafika kwenye geti la Menna, wakaongea hapo mpaka mvua ikawaamua. Kisha Menna akaingia na Mjomba akapanda Rachub. Mapazia ya mtaa mzima yalijua saa zao.

Mama yangu hakuweza kuvumilia. Alimshika jikoni kwangu, chakula cha Jumapili kikiwa mezani.

"Sasa wewe, Tegid. Ifan amelala miaka miwili. Unangoja uletewe barua?"

"Beti, acha."

"Siachi. Mimi nilikaa kwenye yale makreti. Mimi nilikuwepo."

Akaweka uma chini. "Waliokuwa kwenye makreti walikuwa vijana wawili wa miaka ishirini na kitu. Nawatamani wale mpaka kifua kinauma. Lakini sijui walikokwenda, na Menna hajui. Siwezi kumwoa kwa niaba yao." Akachukua uma. "Nipitishie viazi."

Mama akampitishia. Alilia kidogo akiosha vyombo, akasema ni vitunguu, na vitunguu havikuwepo.

Goti la Menna lilipoharibika kabisa, mwanawe Gwion alikuja kumchukua akaishi naye Cardiff, kusini kabisa. Sikudhani Mjomba angekwenda kusaidia kupakia, lakini alikuwepo kabla yangu, amepanga masanduku barabarani. Menna alitoka na fimbo yake, akatazama nyumba, akatazama gari.

"Cardiff si mbali," akasema.

"Saa nne na nusu kwa gari."

"Kwa mwendo wa Gwion, tano." Akatoa mfukoni ufunguo wa kabati la vitabu la maktaba, akampa. "Usiwasomeshe sarufi. Waache waseme."

"Nitawaacha."

"Na yule Glenda asikuonee. Akianza habari za mbwa wake hamalizi."

Alimnyooshea kola ya koti, ambayo ilikuwa imenyooka. Kisha Gwion akamsaidia kupanda, naye Mjomba akafunga mlango wa gari kwa mikono miwili, polepole, akakaa ameuegemea kidogo hata baada ya kufunga, mpaka Gwion akawasha injini na ikabidi aondoke.

Ilikuwa Jumanne. Nilidhani angeahirisha, nikamwambia nitabandika tangazo mlangoni. Akaniambia wanafunzi wako njiani. Nikaenda naye, nikakaa nyuma.

Walikuwa wanane. Glenda, mama wa makamo kutoka Stockport mwenye buti za mlimani, akainua mkono. Mbwa wake amebaki kwa binti yake wiki hiyo, akasema, na anataka kujua jinsi ya kusema kwa Kiwelisi kwamba anamkosa, yaani anatamani awe karibu.

"Kwetu hakuna kitenzi hicho," Mjomba akasema. "Kwetu hufanyi wewe. Hamu ndiyo inayokujia, inakaa juu yako, kama kanzu. Unasema: iko hamu juu yangu kwa ajili ya mbwa wangu."

Glenda akajaribu, akakwama katikati. Mjomba akangoja. Akajaribu tena, akafika.

"Wote," Mjomba akasema.

Watu wazima wanane wakasema kwa sauti moja kwamba iko hamu juu yao kwa ajili ya mbwa wao. Watano kati yao hawakuwa na mbwa. Akawaambia matamshi ya mwanzo si mabaya, mwisho unalegea, warudie. Wakarudia. Akasema karibu. Wakarudia tena, na tena, mkutubi akachungulia kutoka kwenye rafu, na mimi kule nyuma niliona kwamba walikuwa wameshaipata tangu zamani, na kwamba Mjomba wangu, uso umetulia, macho dirishani kwenye barabara ya kusini, alikuwa anasema pamoja nao.

Kisha akawapa sentensi za hali ya hewa.